Je, Wajua? Mabasi Makongwe ya Njia ya Garissa

Kwamba umri wa basi husomeka kwenye namba yake?

Ukikuta basi kuukuu limeegeshwa nyuma ya gereji mjini Garissa, magurudumu yamezama mchangani na kuku wamelifanya makao, usiharakishe kumuuliza mzee wa jirani ni la mwaka gani. Tazama namba ya usajili. Kuanzia mwaka 1950 magari ya Kenya yalipewa herufi tatu, ya kwanza ikiwa K, kisha tarakimu zisizozidi tatu. Mwaka 1989 mpangilio huo ukafika ukingoni, na ndipo ikaja namba yenye herufi ya nne mwishoni, kuanzia KAA 001A. Basi lisilo na herufi mkiani, kwa hiyo, lilisajiliwa kabla ya 1989.

Lakini sahani ya namba ni kipande cha bati tu, na bati hufunguliwa kwa bisibisi. Shahidi wa kweli ni namba ya chesisi, ile iliyogongwa kwa nyundo kwenye chuma chenyewe, mara nyingi chini upande wa mbele, mahali panapojaa grisi na vumbi. Isugue kwa kitambaa chenye dizeli, ilinganishe na kitabu cha gari. Zikilingana, una basi kongwe. Zisipolingana, una vipande vya mabasi mawili au matatu vilivyounganishwa, na katika barabara za kaskazini mashariki hilo si jambo la ajabu hata kidogo.

Kwamba basi la Kenya huzaliwa mara mbili?

Wakazi wa Nairobi wamewahi kuliona hili barabarani bila kujua wanaona nini: chesisi tupu, isiyo na paa, ubavu wala kioo, ina injini, usukani, magurudumu na dereva aliyejifunika uso asimezwe na upepo. Hilo ni basi ambalo halijavikwa bodi. Kiwanda cha Leyland kilianzishwa Thika mwaka 1974 kwa ubia wa serikali na kampuni ya Uingereza. General Motors ikaanzishwa Nairobi mwaka 1975, na ndiyo leo inayoitwa Isuzu East Africa. Viwanda hivi huunganisha chesisi. Bodi ni kazi ya watu wengine: Labh Singh Harnam Singh, Banbros, Choda, Master Fabricators na wenzao, ambao wamelehemu mbavu za chuma, wakapiga mabati na kufunga viti kwa miongo mingi.

Mwenye basi la kwenda Garissa na kuendelea hakuwahi kuagiza bodi ileile ya mwenye basi la Nakuru. Alitaka sakafu iliyo juu zaidi ili tumbo la gari lisisugue mchanga, keria ya paani ndefu na nzito, ngazi imara ya nyuma ya kupandia keria hiyo, na nafasi ya tangi la pili la mafuta, maana kutoka mji hadi mji unaweza kwenda saa nyingi bila kuona pampu. Chesisi kama Isuzu MV118 na Nissan Diesel MKB210 zilipendwa kwa sababu moja isiyo na mapambo: zikiharibika, spea zake zinapatikana Kirinyaga Road, Nairobi, na karibu kila fundi anazijua.

Kisha baada ya miaka bodi huchoka. Mbavu zinapasuka, sakafu inatoboka, madirisha hayafungi. Hapo gari halitupwi. Bodi hukatwa yote, chesisi hunyooshwa na kuongezewa nguvu palipopinda, na basi jipya hujengwa juu ya mifupa ya zamani. Injini nayo ikifa hupokelewa na injini ya lori lililopinduka kwingine. Abiria anapanda gari linalonukia rangi mpya, asijue kwamba chuma kilicho chini ya miguu yake kilikwishafika Mandera mara nyingi kabla yeye hajaanza shule.

Wapo watakaosema huu ni ubabaishaji wa jua kali. Mimi sikubali, na ushahidi wangu unatoka London. Yale mabasi mekundu ya ghorofa yaitwayo Routemaster, yaliyoundwa kati ya 1954 na 1968, yalipelekwa kila baada ya miaka michache kwenye karakana kubwa ya Aldenham kwa ukarabati. Huko bodi iliinuliwa, sehemu za chini zikaondoka kwenda upande wake, na mwisho wa kazi bodi ile iliweza kuwekwa juu ya mitambo ya basi jingine, likapewa namba ya basi la tatu na kurudishwa barabarani. Walifanya hivyo kwa makusudi, ili gari lisikae bure likisubiri sehemu moja. Aldenham ilifungwa mwaka 1986. Fundi wetu anaendelea.

Kwamba barabara ya vumbi hujichonga yenyewe?

Lami ya kutoka Nairobi kupitia Thika na Mwingi huufikia mji wa Garissa baada ya kilomita zipatazo 370. Kwa miaka mingi, kuvuka daraja la Tana na kuendelea kaskazini kulimaanisha kuiaga lami hiyo. Mji wa Wajir ulipata barabara zake za kwanza za lami baada ya ugatuzi wa 2013, nusu karne tangu uhuru. Mradi wa kuweka lami njia ya Isiolo hadi Wajir na Mandera, takriban kilomita 740, ulipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2020.

Kwa hiyo mabasi makongwe tunayoyazungumzia yaliishi kwenye udongo, na udongo una tabia yake. Kila aliyesafiri njia hiyo anavijua vile vijituta vidogo vilivyopangana kama bati la paa, vinavyotikisa meno. Dereva mmoja atakuambia vinaletwa na malori mazito, mwingine atalaumu greda. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, walichapisha jibu. Walitengeneza meza ya duara iliyojaa mchanga, wakaizungusha chini ya gurudumu. Vijituta vikatokea. Wakaondoa springi, vikatokea vilevile. Walichogundua ni kwamba sababu ni mwendo: gurudumu likipita kasi fulani, hurukaruka juu ya mchanga hata kama uso ulikuwa laini, na kila mruko huchonga shimo na kurundika tuta. Katika barabara ya kawaida kasi hiyo ni kama kilomita 8 kwa saa, yaani mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Hakuna basi litakaloenda Wajir kwa mwendo huo, kwa hiyo hakuna barabara ya vumbi itakayobaki laini.

Madereva wa kaskazini hawakuhitaji maabara kujua nusu ya pili ya jambo hili. Ukienda polepole, gurudumu linaingia kila bonde na kupanda kila tuta. Ukikaza mwendo, gurudumu linagusa vilele tu na gari linatulia. Shida ni kwamba gurudumu linaloelea halishiki barabara, na breki zake ni za kubahatisha. Mtikisiko uliobaki unahamia kwenye bodi. Boliti hulegea, ribiti hukatika, na nyufa huanzia kwenye kona za madirisha.

Chungulia gereji moja ya Garissa asubuhi, basi likiwa limerudi usiku. Fundi amelala chali juu ya katoni iliyokunjuliwa. Springi, zile pau za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine, zimefunguliwa; pau moja imekatika katikati na mpasuko wake unang'aa upande mmoja, kutu upande wa pili, kwa hiyo ilikuwa imeanza kupasuka zamani. Kabla ya kufunga pau nyingine anapenyeza kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi bovu, ili chuma kisisage chuma. Boliti za springi anazikaza kwa spana aliyoivalisha bomba refu kuongeza nguvu, na kijana wake ananing'inia mwisho wa bomba hilo. Kisha fundi anazunguka ubavuni na nyundo ndogo, anagonga ribiti moja moja na kusikiliza. Iliyokaza hutoa sauti kavu, iliyolegea hulialia. Anaweka alama ya chaki na kusonga mbele. Ukarabati ambao wapenda magari ya kale wa Ulaya huufanya kwa miaka mitano gari likiwa limejificha gerejini, huku hufanywa kila juma, kwa sababu basi linaondoka jioni.

Kwamba kulikuwa na wakati ambapo tiketi pekee haikutosha?

Serikali ya kikoloni iliifanya kaskazini kuwa eneo lililofungwa. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902, na baadaye Sheria ya Wilaya Maalumu ya 1934, ziliwapa wakuu wa wilaya uwezo wa kuamua nani aingie na nani atoke. Msafiri alihitaji pasi. Katika hali hiyo biashara ya mabasi ingetoka wapi?

Uhuru ulipokuja mambo hayakulegea. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963, mwezi uleule wa uhuru, na vita vya shifta, vya waliotaka eneo hilo lijiunge na Somalia, vikaendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Mabomu yalitegwa barabarani. Vita viliisha, lakini sheria za hali ya hatari zilibaki mpaka Novemba 1991. Hiyo ni miaka 28. Magari yalisubiriana yakaondoka kwa msafara pamoja na askari, na ratiba ya basi ilikuwa ni ile ya askari. Hata baada ya sheria kuondolewa, ulinzi wa polisi uliendelea katika sehemu nyingi za njia hii, na abiria wa Garissa na Mandera wamezoea kuteremshwa kwenye vizuizi waonyeshe vitambulisho, jambo ambalo abiria wa Kisumu anaweza kuzeeka bila kuombwa.

Mtu akitaka kuandika historia ya basi la kaskazini mashariki na kuanza na injini, ameanza kombo. Aanze na kizuizi.

Kwamba majeshi yalipita hapa kabla ya mabasi?

Desemba 1940 vikosi vya Afrika Kusini na Gold Coast, Ghana ya leo, vilishambulia El Wak, iliyokuwa mikononi mwa Waitalia. Februari 1941 majeshi ya Jenerali Alan Cunningham wa Uingereza yalisonga kutoka upande wa Garissa kuingia Somalia; Kismayo ikaanguka tarehe 14, Mogadishu tarehe 25. Msafara wa namna hiyo hauendi bila malori, na malori hayaendi bila njia, kwa hiyo wahandisi wa kijeshi walichonga na kupanua njia nyingi za eneo hili. Vita vilipoisha malori ya jeshi yakauzwa, na kote Afrika Mashariki watu waliyawekea mabenchi wakaanza kubeba abiria. Zanzibar na Dar es Salaam zilikuwa na magari yao ya bodi za mbao. Yale ya Dar, ambamo abiria walikaa wakitazamana, yakaitwa chai maharage.

Nairobi yenyewe ilikuwa na mabasi tangu 1934, Kenya Bus Service ilipoanza na magari 13 kwenye njia 12. Kituo cha OTC katikati ya jiji bado kina jina la kampuni ya mabasi isiyokuwapo tena, na wengi wanaolitaja jina hilo kila siku wanadhani ni la mtaa tu.

Na kuna mabasi ya Nairobi yaliyozeekea Ulaya. Katika miaka ya 1990, Stagecoach ya Uskoti ilipokuwa mwenye hisa kubwa wa Kenya Bus, ilileta mabasi ya ghorofa ya Dennis Dragon yenye ekseli tatu. Ilipojiondoa Kenya mwishoni mwa muongo huo, baadhi ya Dragon hizo zilipakiwa melini zikapelekwa Manchester, zikawabeba wanafunzi wa vyuo kwa jina la Magic Bus. Tumezoea mitumba kuja huku. Hiyo ilikwenda kule.

Kwamba Waarabu walipanda basi la jangwani lenye baridi mwaka 1937?

Njia ya Garissa si ya kwanza kulilazimisha basi kubadilika. Ndugu wawili kutoka New Zealand, Norman na Gerald Nairn, walianza mwaka 1923 kubeba barua na abiria kati ya Damascus na Baghdad, zaidi ya kilomita 800 za jangwa. Walianza na magari madogo. Mwaka 1937 walileta mabasi marefu ya chuma kisichoshika kutu, yaliyoundwa na kampuni ya Budd ya Marekani na kuvutwa na kichwa cha lori, yakiwa na mitambo ya kupoza hewa. Abiria aliingia Baghdad shati likiwa halina jasho. Kati ya Garissa na Wajir, kwa muda mrefu sana, mtambo wa kupoza hewa ulikuwa dirisha, na dirisha lilileta vumbi, kwa hiyo ilikuwa ni kuchagua: joto au vumbi.

Maji nayo yana mambo yake. Wajir imekaa juu ya mawe ya chokaa, na maji ya visima vyake vifupi yana chumvi na chokaa nyingi. Ukiyatia kwenye rejeta yanachemka, chokaa inaganda ndani ya mirija, na baada ya muda injini inachemka hata asubuhi. Utingo mwenye akili hubeba madumu ya maji kutoka Garissa, maji ya mto, na kuyalinda kuliko anavyolinda chakula chake.

Kwamba maziwa ya ngamia husafiri kwa basi?

Kutoka Garissa na Isiolo, maziwa ya ngamia hupakiwa kwenye madumu yaliyofukizwa moshi ili yasiharibike upesi, yakapandishwa basi na kuuzwa Eastleigh, Nairobi, siku hiyohiyo au kesho yake. Nyuma ya biashara hiyo wako akina mama. Dereva akichelewa, maziwa yanachacha, na watakaomsubiri stejini si abiria peke yao.

Eastleigh na Garissa zimeshonwa kwa mabasi kwa njia nyingine pia. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakimbizi walimiminika Dadaab, na wengine wakafika Eastleigh. Nyumba moja ya wageni huko, Garissa Lodge, ilijaa wafanyabiashara waliolala usiku na kuuza bidhaa mchana kwenye vyumba vilevile, bidhaa chini ya kitanda. Vyumba vikageuka maduka, na Garissa Lodge ikawa mama wa maduka makubwa yote yaliyojaza mtaa huo baadaye.

Na mahali basi lilikoshindwa, ngamia alichukua kazi. Mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia mjini Garissa, kwa sababu magari ya maktaba yalikwama mchangani. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema la kusomea. Nadhani hii ndiyo huduma pekee ya umma nchini ambapo gari lilistaafishwa likaajiriwa mnyama, na hakuna aliyelalamika.

Kwamba mto huamua safari?

Garissa iko ng'ambo ya mashariki ya Tana. Ng'ambo ya pili ni Madogo, iliyo katika Kaunti ya Tana River. Kati yao ni daraja, lakini mafuriko hayahitaji kulivunja daraja ili kukata njia. Hupita pembeni na kumeza barabara yenyewe. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilifanya hivyo, na za mwishoni mwa 2023 zikarudia. Aprili 2024 basi la abiria lilisombwa na maji eneo la Tula, kwenye barabara hiyo ya Nairobi. Abiria walipanda juu ya paa, na Msalaba Mwekundu ukawaokoa wote, watu 51. Ile keria nzito ya paani, ambayo mafundi huijengea mizigo na mbuzi, siku hiyo ilibeba watu.

Kwamba basi moja la Mandera lilifika hadi Oscar?

Tarehe 21 Desemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa kwa risasi karibu na El Wak. Ndani mlikuwa na abiria zaidi ya 60. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2014, washambuliaji wa Al-Shabaab walikuwa wamesimamisha basi jingine la njia hiyo, wakawatenga wasio Waislamu na kuwaua watu 28. Mara hii abiria hawakukubali kutengwa. Wanawake Waislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajitande, wengine wakawaficha nyuma ya mizigo, na washambuliaji wakaambiwa waue wote au waondoke. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi akiwatetea wenzake, akafariki Januari 2016. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani ya OGW baada ya kifo chake.

Filamu fupi ya tukio hilo, Watu Wote, iliongozwa na Katja Benrath, aliyekuwa mwanafunzi wa filamu mjini Hamburg, Ujerumani. Ilitoka mwaka 2017 na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania Oscar. Karibu hadithi yote iko ndani ya basi na kando yake. Ukiniuliza ni gari gani la abiria nchini Kenya lililostahili kuwekwa kwenye jumba la makumbusho, lile la 21 Desemba 2015 ndilo la kwanza kwenye orodha yangu, hata kama halikuwa kongwe.

Kwamba jangwa hutunza chuma?

Kutu huhitaji unyevu, na huenda mbio zaidi penye chumvi ya bahari. Ndiyo maana jeshi la Marekani huhifadhi maelfu ya ndege zake zilizostaafu jangwani Arizona, kwenye kambi ya Davis-Monthan, zikiwa nje bila paa. Garissa hupata mvua ya takriban milimita 300 kwa mwaka. Bodi ya basi iliyoachwa Wajir kwa miaka 30 ina nafasi kubwa ya kuwa na mbavu nzima kuliko iliyoachwa Mombasa kwa miaka 10. Adui hapa ni jua. Jua hula rangi, hukausha mpira wa vioo na mabomba ya breki hadi yavunjike mkononi, na kugeuza viti vya rexini kuwa maganda.

Basi la hivyo likipatikana, kosa la kwanza la wengi ni kuliwasha. Injini iliyolala miaka kumi huenda pete zake zimegandana na silinda. Ukiichokoza kwa stata, unavunja kilichokuwa kizima. Toa mafuta ya zamani yote, tia oili kidogo kwenye kila silinda, iache ilale, kisha izungushe kwa mkono. Ikizunguka, shukuru. Kosa la pili ni msasa. Rangi za basi kuukuu zimelala tabaka juu ya tabaka: rangi ya mwisho, chini yake jina la mwenyewe wa pili, chini yake tena mistari ya kampuni ya kwanza. Kwangua kipande kidogo polepole karibu na mlango, piga picha kila tabaka, ndipo uamue unalirudisha basi kwenye mwaka gani. Ukishapiga msasa bodi nzima, umechoma kitabu.

Ukitaka kulirudisha kazini kubeba abiria, sheria ina neno lake. Kanuni za waziri John Michuki zilizoanza Februari 2004 zilileta mikanda ya usalama na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, vitu ambavyo basi la 1975 halikuwahi kuota. Kwa hiyo kuna njia mbili: uwe na basi la kale lililo kamili likakaa uwanjani na kutoka siku za sherehe, au uwe na basi la kazi lenye sura ya kale. Mimi nachagua la kwanza. Ya aina ya pili tunayo mengi tayari.

London iliyaondoa Routemaster kwenye njia za kawaida tarehe 9 Desemba 2005, na kati ya 2,876 yaliyoundwa zaidi ya 1,000 bado yapo, kwa sababu watu binafsi waliyanunua na kuyatunza. Kwetu, maonyesho ya Concours d'Elegance huko Ngong Racecourse, yaliyoanza mwaka 1970, huwapa zawadi wenye magari madogo na pikipiki za kale. Hayo ni magari ya familia chache. Basi lilibeba kila mtu.

Na chuma kina soko. Januari 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kufuatia wizi wa nyaya na vyuma vya miundombinu, kisha mwaka huohuo ikairuhusu tena. Mizani ya chuma chakavu haiulizi namba ya chesisi. Kwa hiyo, msomaji wa Garissa, Wajir, Mandera au Eastleigh: kama kwenu kuna kitabu cha gari cha enzi hizo, leseni ya baba ya udereva wa basi, au picha ya familia imesimama mbele ya basi lenye keria, andika nyuma yake mwaka, njia na jina la dereva leo, wakati anayekumbuka bado yupo. Na kama kuna basi lenyewe nyuma ya boma, namba yake haina herufi mwishoni, mkatalie mwenye mizani mpaka mtu wa kaunti au wa makumbusho alione.